Krismasi ya Kota: Sikukuu za Mtoto wa Askari Wakati wa Vita vya Kagera

Katika picha tuliyo nayo ya Krismasi ya mwaka 1978 wamo watu watatu. Mama yetu ameketi juu ya kigoda, dada yetu wa miaka sita amesimama pembeni yake, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu amepakatwa, suruali yake imekunjwa miguuni mara tatu. Suruali ile ilishonwa kubwa kwa makusudi. Mama alimwomba fundi aache nafasi, ili mtoto aivae tena siku baba atakaporudi.

Mtoto huyo ndiye anayeandika maneno haya, wala hakumbuki lolote la siku ile. Ndiyo sababu tunasema "sisi". Haya tunayosimulia yametunzwa na mama, na dada, na majirani waliokaa nasi katika kota za jeshi, nasi tumeyapokea kama tulivyopokea imani, kwa kuambiwa. Habari za vita vya Kagera zimeandikwa sana kwa kufuata vituo vya mapigano. Sisi tunazisimulia kwa kufuata kalenda ya Kanisa, maana ndivyo mama yetu alivyozihesabu.

Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera tarehe 30 Oktoba 1978, mkesha wa siku ambayo Walutheri tunakumbuka Matengenezo ya Kanisa. Eneo lile ni la Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT. Askofu wake, Josiah Kibira, alikuwa amechaguliwa mwaka mmoja tu kabla, katika mkutano wa Dar es Salaam, kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Basi Rais wa Walutheri wa dunia nzima alikuwa na washarika wanaokimbia na magodoro kichwani. Watu wa ng'ambo ya mto Kagera waliacha migomba, ng'ombe na nyumba zao, na wako wasiopata nafasi ya kukimbia. Daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana.

Baba yetu alikuwa koplo, dereva wa lori. Aliondoka usiku wa Novemba, bila ruhusa ya kusema anakwenda wapi, ingawa kota nzima ilijua. Dada aliamka akamwona akifunga buti. Mtoto alikuwa amelala. Hilo mama alilirudia mara nyingi miaka ya baadaye, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa: "Wewe hamkuagana."

Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka ule ilikuwa tarehe 3 Desemba. Majilio ni majira ya kungoja, nasi wachungaji hulihubiri neno hilo kila mwaka kwa ulaini kidogo kuliko inavyostahili. Katika kota hapakuwa na haja ya kulifafanua. Wanawake walingoja barua, walingoja taarifa ya habari ya redio, na zaidi ya yote waliliogopa gari la jeshi linaloingia mchana taratibu na kusimama mbele ya mlango wa mtu.

Mchungaji aliyekuwa akija kuwahudumia alihubiri juu ya Yohana Mbatizaji. Mama aliikumbuka siku hiyo kwa sababu mahubiri yaliwagusa wao. Katika Injili ya Luka askari nao wanamwendea Yohana na kumwuliza wafanye nini. Yohana hawaambii waache kazi yao. Anawakataza kudhulumu na kusingizia watu, na kuwataka watosheke na mshahara wao. Tulipofika chuoni Makumira tulikuta kwamba Martin Luther naye alikuwa ameulizwa swali hilo na askari mmoja, Assa von Kram, akamjibu kwa kitabu kizima mwaka 1526 kuhusu kama askari naye aweza kuokolewa. Luther anasema kazi hiyo yaweza kuwa halali mbele za Mungu, ila mtu asiende vitani kwa tamaa, wala kwa jambo analojua kuwa si la haki. Kuna jambo dogo lililotugusa zaidi ya hoja zenyewe. Mwaka ule wa 1526 ndio aliozaliwa Hans, mtoto wa kwanza wa Luther. Mtu yule alikuwa akiandika juu ya upanga huku nyumbani kuna mtoto mchanga. Baadaye aliwaandikia watoto wake wimbo wa Krismasi unaoimbwa na Walutheri hata leo, uliochapishwa mwaka 1535.

Krismasi ilipokaribia palitokea ubishi kotani. Wengine walisema si haki kupika na kuvaa vizuri wakati waume wako porini na watu wa Kagera wanalala chini ya miti. Hata kanisani mjini kulikuwa na waliowatazama wake wa askari kwa jicho hilo. Wengine walisema mtoto hajui vita ni nini, kwa nini anyimwe siku yake? Mwishowe akina mama walikubaliana kwamba wakubwa watakwenda ibadani na kuomba, lakini sikukuu itakuwa ya watoto. Kila nyumba ilitoa kikombe cha mchele. Palikuwa na jogoo wawili na hapakuwa na mwanamume wa kuwachinja, isipokuwa mzee mmoja Mwislamu, mstaafu aliyekuwa akikaa kwa mwanawe. Akawachinja yeye, na hivyo nyumba zote za mstari ule zikala sahani moja.

Ndani ya nyumba yetu mama aliitundika picha ya baba ukutani, akiwa na sare na kofia. Kila jioni kabla ya sala alimnyanyua mtoto mbele ya picha na kumwuliza, "Baba yuko wapi?" Mtoto alinyoosha kidole. Akafundishwa kuipungia mkono na kuiamkia. Siku ya Krismasi akaipelekea kipande cha nyama, akakipaka kwenye kioo. Doa lile mama hakulifuta.

Kisha ikaja Epifania, na pamoja nayo habari ambayo kwetu imekuwa ngumu kuliko zote. Mathayo anaeleza kwamba mamajusi walimkuta mtoto nyumbani, na kwamba Herode, baada ya kupiga hesabu ya muda, aliamuru wauawe watoto wa miaka miwili na chini yake. Yaani Yesu wa sura ile yaweza kuwa si mchanga wa horini tena. Yaweza kuwa ni mtoto anayejifunza kutembea, mwenye umri wa yule aliyempaka baba yake nyama. Na wanaotumwa kumtafuta ni askari. Dada yetu alitoka shule ya Jumapili akauliza, "Mama, askari wa Herode nao walikuwa na watoto?" Mama alisema hajui. Dada akauliza tena, "Na baba?"

Mama alimpeleka kwa mchungaji. Alichojibu dada anakikumbuka nusu: kwamba yuko pia Kornelio, akida aliyebatizwa pamoja na watu wa nyumba yake, na kwamba si kila askari ni wa Herode. Jibu zuri. Lakini sisi tunaohubiria watu wa kambini tunajua kwamba halimalizi swali. Tulipokuwa watu wazima tulimwuliza baba yetu aliona nini Uganda. Alisema aliendesha lori. Tukamwuliza mara ya pili, miaka mingi baadaye, akasema lori lilikuwa zito. Hatukuuliza mara ya tatu.

Vita vikaendelea. Mutukula ilichukuliwa Januari 1979, Masaka tarehe 24 Februari, siku nne kabla ya Jumatano ya Majivu. Kwaresma nzima mapigano yalikuwa kwenye njia ya kuelekea Kampala, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, Jumatano ya Juma Takatifu. Redio ilipotangaza, watu walitoka nje wakipiga sufuria. Siku mbili baadaye ilikuwa Ijumaa Kuu. Mama alisema hakuwahi kuona Ijumaa Kuu ya namna ile. Nyumba moja waliimba, na nyumba ya tatu kutoka hapo gari lilikuwa limesimama wiki iliyotangulia. Mjane yule alikuwa na mtoto wa rika letu, naye mtoto alicheza na sufuria pamoja na wenzake, maana alijua zinapigwa kwa furaha. Siku ya Pasaka, tarehe 15, mjane alikwenda kanisani. Mama aliketi naye. Alisema hawakuimba wala hawakulia, na kwamba mchungaji alihubiri kwa kifupi, jambo ambalo hadi leo tunamshukuru. Askari wengi waliokufa katika vita vile wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Baba wa mwenzetu yule ni mmoja wao.

Tarehe 3 Juni 1979 majeshi yetu yalifika mpaka wa Uganda na Sudan, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya mwisho ya vita. Ilikuwa Jumapili ya Pentekoste. Hatudai kwamba Mungu aliipanga kalenda ya vita ifuate ya Kanisa. Tunachojua ni kwamba mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili aliweza kuyakumbuka yote bila kuandika, kwa sababu kila jambo lilikuwa na sikukuu ya kulitundika.

Si wote waliorudi mara moja. Wapo waliobaki Uganda hadi mwaka 1981. Baba yetu alirudi Septemba 1979, amekonda, na ndevu asizokuwa nazo kwenye picha. Mtoto, sasa ana miaka miwili na ushee, alijificha nyuma ya kanga ya mama. Baba akachuchumaa akasema, "Njoo kwa baba." Mtoto akamsahihisha, "Baba yuko ukutani."

Watu walicheka. Baba hakucheka.

Mama akaitoa suruali sandukuni. Alikuwa amepanga siku ya kurudi iwe Krismasi, na Jumapili iliyofuata akapika wali na kuimba nyimbo za Krismasi, Septemba, madirisha yakiwa wazi. Chai ilikuwa ya chumvi, sukari haikuonekana madukani, na Mwalimu alikuwa ametangaza miezi 18 ya kujifunga mikanda. Suruali ilipokunjuliwa ilitosha urefu, lakini kiunoni haikufunga. Mtoto alikuwa amekua kwa upande ambao fundi hakuufikiria. Mama akaifunga kwa kamba.

Mzee mmoja wa kanisa alimkemea kwa kuimba nyimbo za Krismasi nje ya wakati. Alikuwa na hoja, nasi hatupendi kumfanya mjinga. Sikukuu si mali ya nyumba moja. Tunaiadhimisha siku moja ili aliye na furaha na aliye na msiba wakutane benchi moja, kama mama na yule mjane walivyokutana. Kila nyumba ikijipangia Krismasi yake hatutakutana tena. Hata hivyo Maandiko hayatupi tarehe ya kuzaliwa Bwana. Kumbukumbu za kale za 25 Desemba zinatoka Roma katika karne ya nne, na ndugu zetu wa Misri na Ethiopia huadhimisha tarehe 7 Januari. Mama hakuiacha tarehe ya Kanisa. Aliishika Desemba pamoja na wengine, akiwa na mtoto magotini na mahali pa baba patupu, kisha akaongeza ya pili. Tunaona alifanya sawasawa, na laiti yule mzee angekuja kula.

Tungeyaacha haya yawe ya zamani, lakini kalenda haikuturuhusu. Tangu mwaka 2013 askari wa Tanzania wamo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo. Mwaka 2017 Majilio yalianza tena tarehe 3 Desemba, kama mwaka 1978, na siku nne baadaye, tarehe 7, kituo chao cha Semuliki kilishambuliwa wakauawa askari wasiopungua 14. Watoto wao walikuwa na nguo za Krismasi zilizokwisha kushonwa.

Siku hizi baba huonekana kwenye simu. Tumemwona mtoto wa mwaka mmoja akiisogeza biskuti kwenye kioo cha simu ya mama yake, tukajua tumeliona jambo hilo mahali fulani. Mama huyo alikuja ofisini kuomba ubatizo wa mtoto usogezwe kutoka Krismasi, wakati usharika wetu hubatiza wengi pamoja, hadi mumewe arudi. Baraza la wazee lilisita. Mmoja alisema ubatizo haungoji likizo ya mtu. Ni kweli, nasi tulimwambia mama huyo kwamba mtoto akiugua atabatizwa saa ile ile, baba awepo asiwepo. Tukakubaliana kungoja.

Tulimbatiza Februari. Alilia alipopokewa na baba yake, akanyamaza aliporudishwa kwa mama, baba akasimama pale na mikono mitupu mbele ya usharika wote. Baada ya ibada walitualika nyumbani. Sebuleni tulikuta tawi la msonobari ndani ya ndoo ya mchanga, limekauka kabisa, na puto moja iliyonywea. Mama alisema alikuwa amezuia lisitolewe. Mtoto alikuwa ameketi chini yake akichuma majani makavu moja moja na kuyaweka ndani ya kofia ya baba yake.