Uhamaji, Uhamishaji, Uzuiaji: Istilahi za Safari za Wanasayansi

Mwaka 1963 Royal Society ya London ilitoa ripoti kuhusu wanasayansi wa Uingereza waliokuwa wakienda kufanya kazi nje, hasa Marekani. Magazeti ya huko yaliipokea kwa hofu, na hapo ndipo lilipovuma jina la Kiingereza "brain drain". Jina hilo linachora mfereji: akili za taifa zinatiririka na kupotelea mbali. Kiswahili kimelipokea kwa namna kadhaa. Wapo wanaosema "kukimbia kwa wataalamu", wapo wanaopenda "mtoroko wa wasomi", na wengine wameridhika na "uhamaji wa wataalamu".

Tofauti kati ya majina hayo si ndogo. Anayetoroka ana kosa. Mtoro ni mwanafunzi aliyekwepa darasa au askari aliyeacha lindo. Anayekimbia ana jambo linalomfukuza. Anayehama amefunga mizigo yake kwa hiari na anajua anakokwenda. Kila jina, basi, linatoa hukumu kabla habari haijasimuliwa, na mara nyingi hukumu hiyo humwangukia mtaalamu mwenyewe, hata pale ambapo aliyeamua safari yake ni serikali.

Na mataifa makubwa yanaposhindana, serikali huamua mengi. Maisha ya Qian Xuesen, mtaalamu wa roketi wa Kichina, yanalionyesha hilo kuliko maelezo yoyote.

Qian aliondoka China mwaka 1935 kwa ufadhili wa masomo, akasoma MIT, kisha akapata udaktari Caltech mwaka 1939 chini ya Theodore von Kármán. Alikuwa miongoni mwa walioasisi Jet Propulsion Laboratory, maabara iliyokuja kuwa nguzo ya safari za anga za Marekani. Mwaka 1945 jeshi la Marekani lilimpa cheo cha kanali na kumpeleka Ujerumani kuwahoji wataalamu wa roketi wa Hitler, akiwemo Wernher von Braun. Mwaka 1949 akaomba uraia wa Marekani.

Mwaka uliofuata upepo uligeuka. Wakomunisti walikuwa wameshika dola China, vita vya Korea vikikaribia, na Qian akatuhumiwa kuwa mkomunisti. Alikana, lakini kibali chake cha kushughulikia siri za ulinzi kikafutwa. Alipoamua kurudi kwao, forodha ilishika shehena yake ya vitabu na karatasi kwa madai kwamba humo mna maandishi ya siri. Baadhi ya kurasa hizo za namba zilipochunguzwa, zilikutwa ni majedwali ya logarithimu, ambayo kila mwanafunzi wa hisabati wa zama hizo alikuwa nayo mkobani. Qian aliwekwa kizuizini Terminal Island, karibu na Los Angeles, kwa takriban wiki mbili, akatolewa kwa dhamana ya dola 15,000, kisha akaishi miaka mitano chini ya uangalizi. Agosti 1955 mabalozi wa China na Marekani walianza mazungumzo Geneva kuhusu raia wao waliokwama kila upande, na Septemba mwaka huo Qian, mkewe na watoto wao wawili wakapanda meli kurudi China. Huko aliongoza ujenzi wa makombora. Aprili 24, 1970 China ikarusha setilaiti yake ya kwanza, Dongfanghong 1.

Kuandika kwamba Qian "alihama" ni kuficha nusu ya habari. Alihamia Marekani, akazuiliwa asitoke, kisha akaachiwa kwa makubaliano ya serikali mbili. Maneno ya kulieleza jambo hilo yamo katika vitenzi vya kila siku. Mwalimu anayepelekwa kituo kingine husema amepata uhamisho, na kila anayemsikia anaelewa kuwa aliyeamua ni mwajiri. Kiambishi kimoja tu, na mwenye uamuzi anajulikana.

Kwa msingi huo, mwandishi wa habari za sayansi anaweza kutumia istilahi nne pasipo kuunda neno jipya. "Uhamaji" ubaki kwa anayeondoka kwa uamuzi wake. "Uhamishaji" uwe kwa dola inayombeba mtu: usiku wa kuamkia Oktoba 22, 1946, Wasovieti waliwakusanya zaidi ya wataalamu 2,000 wa Kijerumani na kuwasafirisha kwa treni hadi Urusi. "Ufukuzaji" ueleze yaliyotokea Ujerumani baada ya sheria ya Aprili 7, 1933, iliyowaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma na kuipotezea nchi wanafizikia kama Max Born. Na "uzuiaji" umhusu anayefungiwa njia, awe anataka kutoka au kuingia.

Ushindani huohuo uliwahi kufungua milango pia, na Afrika Mashariki inalijua hilo. Septemba 1959 Tom Mboya aliwapeleka wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi Marekani; mwaka uliofuata msafara mwingine ulimchukua Wangari Maathai hadi Kansas. Mwaka huohuo wa 1960 Moscow ilianzisha chuo kikuu kwa ajili ya wanafunzi wa nchi changa, kikaja kupewa jina la Patrice Lumumba, na Oginga Odinga akawatafutia vijana nafasi upande wa Mashariki. Wengi wa vijana hao walikwenda kwa hiari na walirudi kujenga nchi. Hata hivyo, nauli na nafasi zilitoka katika nchi mbili kubwa zilizokuwa zikigombea mioyo ya viongozi wa kesho.

Leo mashindano yamehamia kwenye akili mnemba. Geoffrey Hinton, aliyepata Nobeli ya Fizikia mwaka 2024, aliondoka Pittsburgh kwenda Toronto mwaka 1987, sababu mojawapo ikiwa ni kutopenda utafiti huo kutegemea fedha za jeshi la Marekani. Huo ni uhamaji halisi. Novemba 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ilianzisha operesheni ya kusaka ujasusi wa China, na watafiti wengi wenye asili ya China wakajikuta wanachunguzwa. Gang Chen, profesa wa MIT, alikamatwa Januari 2021. Mwaka mmoja baadaye mashtaka yote yakafutwa, na Februari 2022 operesheni yenyewe ikasitishwa kwa jina lake. China, kwa upande wake, ilikuwa imeanza tangu 2008 kuwavuta wanasayansi kwa mishahara na maabara.

Sheria za Marekani za kudhibiti teknolojia zinafika mbali zaidi ya bandarini. Kumfunulia raia wa nje teknolojia iliyodhibitiwa, hata kama mmekaa naye maabara moja Marekani kwenyewe, huhesabiwa sawa na kuisafirisha kwenda nchini kwake. Kwa hiyo mtafiti anaweza kuzuiwa bila kuvuka mpaka wowote.

Uzuiaji huwaumiza pia wasiohusika na ugomvi. Mwaka 2018 watafiti wengi wa Kiafrika walinyimwa viza za Kanada na kukosa mkutano mkubwa wa NeurIPS uliofanyika Montréal. Malalamiko yao yalisikika, na Mei 2023 mkutano mwingine mkubwa wa akili mnemba, ICLR, ukafanyika Kigali. Lakini Juni 2025 Marekani iliiweka Burundi kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamesimamishiwa viza za masomo.

Mwanafunzi wa Bujumbura aliyekubaliwa chuo kikuu cha Marekani kisha akakosa viza hayumo katika hesabu ya waliohama, kwa kuwa hakuondoka. Hayumo kwa waliotoroka wala waliokimbia. Akiandikwa chini ya uzuiaji, msomaji atajua mlango ulifungwa na nani, na wahariri watakuwa na la kuiuliza serikali iliyoufunga.