Kabla ya Wingu, Kulikuwa na Kompyuta ya Mtu

Wasee, kuna dhana moja inanisumbua. Ukisema picha zako ziko kwa seva yako mwenyewe, hapo kwa nyumba, watu wanakuona kama yule jamaa anayechimba kisima na mfereji uko jikoni. Lakini mtu yeyote amekaa Nairobi anajua kwa nini watu huchimba visima. Mfereji hukauka, na hakuna anayekuuliza kwanza.

Nimesoma hii historia kiasi na naona tunaisimulia kinyume. Kukaa na data yako mwenyewe ndiko kulikuwa kawaida. Kuwaachia wengine ndiyo tabia mpya.

Turudi 1990, pale CERN, maabara ya fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Tim Berners-Lee alikuwa anajenga wavuti, na seva ya kwanza ya wavuti duniani ilikuwa kompyuta yake ya kazi, aina ya NeXT. Aliibandika kikaratasi cha wino mwekundu kuonya kwamba hiyo ni seva, isizimwe. Yaani mtu wa usafi angechomoa waya, wavuti ya dunia nzima ingelala. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ikatangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya umma, bila malipo. Mtu yeyote mwenye kompyuta na laini angeweza kuweka seva yake bila kuomba ruhusa.

Mashine ni nusu ya story. Nusu nyingine ni programu, na hiyo ilianza na printa. Karibu 1980, maabara ya akili bandia pale MIT, Marekani, ilipewa printa mpya ya Xerox. Ile ya zamani, Richard Stallman alikuwa ameibadilisha programu yake ndiyo iwaarifu watu karatasi zikikwama. Hii mpya ilikuja bila msimbo wake, kwa hivyo hakuna mtu angeweza kuirekebisha. Alipomuomba msimbo mtu aliyekuwa nao, akanyimwa, kwa sababu jamaa alikuwa ametia saini mkataba wa kuuficha. Unaweza kucheka ni printa tu, lakini Stallman hakucheka. Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, na 1989 ikatoka leseni ya GPL: tumia programu, soma msimbo, ubadilishe, ugawe, mradi na wewe usimnyime mwingine haki hiyo. Mwaka wa 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa Linux, ambayo baadaye aliiweka chini ya leseni hiyo hiyo. Kama una simu ya Android, Linux iko mfukoni mwako sasa hivi.

Sasa, tulihama vipi? Tuwe wakweli, tulihama kwa sababu ilikuwa rahisi. Laini ya nyumbani ilikuwa pole, kompyuta ilikuwa ghali, na kampuni zilisema: leteni vitu vyenu, tutaweka bure. GeoCities ilianza 1994 ikiwapa watu kurasa za bure. Yahoo ikainunua 1999, na 2009 ikaifunga. Google Reader, apu ya kufuatilia blogu, iliuawa Julai 2013 na watumiaji wake wakipiga kelele. Mwaka wa 2019 Myspace ilikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa kabla ya 2016 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Inakadiriwa zilikuwa zaidi ya milioni 50. Wasanii wengine hawakuwa na nakala ingine popote. Na Google Photos, iliyokuja 2015 na nafasi isiyo na kikomo, Juni 2021 ikaanza kuhesabu kila picha mpya kwenye GB 15 zako.

Sisemi hawa ni watu wabaya. Seva zinakula stima na pesa. Ninachosema ni kwamba kila mara, uamuzi haukuwa wa mwenye picha.

Linganisha na kinachotokea programu ikiwa huria. ownCloud ilianza 2010, ya kuweka mafaili yako kwa seva yako. Mwaka wa 2016 mwanzilishi wake, Frank Karlitschek, akaondoka, akachukua msimbo na kuanzisha Nextcloud. Watumiaji hawakupoteza kitu. Desemba 2018, Emby, ya kutazama filamu zako nyumbani, ikafunga msimbo wake. Wajitolea wakachukua toleo la mwisho lililokuwa wazi, wakaanza Jellyfin, na iko hadi leo. Watu walikosana, na bado mlango wa kutoka ulikuwa wazi. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe.

Na tafadhali mtu asiniambie hii ni story ya wazungu. Mwanzo wa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea hapa kwetu, Ory Okolloh na wenzake walijenga Ushahidi ndani ya siku chache. Wananchi walituma ripoti kwa SMS na wavuti, zikawekwa kwa ramani. Halafu wakafungua msimbo. Haiti ilipopigwa na tetemeko Januari 2010, wajitolea walio Marekani waliitumia programu hiyo hiyo kuonyesha wapi watu wanahitaji msaada. Kama ingekuwa siri ya kampuni, wangeanza kwa kujadiliana bei.

Najua pingamizi. Stima inapotea. Kweli, lakini leptopu kuukuu ina betri yake, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyotoka 2012 kwa dola 35, inakula stima kidogo sana. Pingamizi lingine: ukiwa nje huwezi kufikia seva yako, kwa sababu kampuni nyingi za intaneti huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Hiyo pia ni historia: hazina kuu ya anwani za IPv4 ilikauka Februari 2011. Programu kama Tailscale hupita hapo, inaunganisha simu yako na nyumbani kwa njia iliyofungwa. Pingamizi la tatu ndilo zito: diski ikifa, ni juu yako. Kwa hivyo weka nakala ingine kwa diski tofauti, na moja iishi nyumba nyingine, hata kwa shosho.

Sikuambii uhame kila kitu leo. Barua pepe, kwa mfano, ningekwambia uiache kabisa, kuendesha seva yake ni kazi ya kutwa. Anza na picha. Immich inafanya kazi karibu kama ile apu umezoea, na inakaa kwa mashine yako. Picha za graduesheni ya buda wako, video ya guka akicheka, hizo hakuna kampuni itakurudishia zikipotea. Chagua moja kati ya hizo, itafute sasa hivi, na ujiulize: apu ikifungwa wiki ijayo, una nakala?