Mabega Chini ya Ubao

Juma lililopita vijana wawili wa pwani walinifikia hapa Tabora wakiwa na kamera na maswali mengi. Wanatengeneza filamu fupi, ya dakika kumi tu, juu ya mchezo uliotia fora Paje, kule Unguja: mtu husimama juu ya ubao, akavutwa na tiara kubwa, akateleza juu ya maji kama aliyepanda farasi. Walikuwa safarini kwenda Kigoma kwa treni. Wakaniuliza: je, mbali na mchezo huu uliokuja na wageni, nchi yetu ina historia yoyote ya mtu na ubao majini?

Asili ya mchezo wenyewe haina utata. Wenyeji wa Hawaii walikuwa wakipanda mawimbi kwa mbao kabla meli za Kapteni Cook hazijafika huko mwaka 1778. Hata kuupiga picha si jambo jipya. Mwaka 1906 Robert Bonine, mpiga picha wa kampuni ya Edison ya Marekani, aliwachukua katika sinema wapanda mawimbi wa Waikiki. Lakini niliwaambia vijana wale kwamba ubao wa kwetu nao una kisa chake, na sehemu kubwa ya kisa hicho ilipita nchi kavu, mabegani mwa watu.

Nazungumzia boti ya Henry Morton Stanley, Lady Alice. Ilijengwa Uingereza mwaka 1874 kwa mbao za mwerezi, urefu wake futi 40, nayo ikatengenezwa kwa vipande vitano ili ibebeke. Ilipofika Unguja ikaonekana vipande ni vizito mno kwa njia zetu, ikabidi fundi seremala avigawe upya. Jina lilikuwa la binti wa Kimarekani, Alice Pike, aliyeahidi kumngoja Stanley. Hakungoja. Aliolewa na mwingine Januari 1876, boti ikiwa bado mabegani.

Sasa, mabega hayo ndiyo yanayotuhusu sisi wa Unyamwezi. Hapa Unyanyembe palikuwa njia panda ya misafara, mmoja ukienda Ujiji, mwingine Karagwe na Buganda. Kwa kijana wa Kinyamwezi upagazi ulikuwa kazi ya kujivunia. Ambaye hajaiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi: pembe, majora, shanga, nyaya. Lakini kipande cha boti si jora. Hakikunjiki, na mtu mmoja hawezi kujitwika. Wanaokibeba lazima waende hatua moja, katika njia iliyotengenezwa kwa mguu wa mtu mmoja, huku miiba ikiwachana pande zote mbili. Wabebaji wa Lady Alice walichaguliwa kwa nguvu zao, wakalipwa zaidi ya wenzao, nami naona walistahili.

Tusichanganye mambo, boti ile haikupita Tabora mjini. Msafara uliondoka Bagamoyo Novemba 1874, ukapita Ugogo, ukakata kaskazini kupitia Iramba na Usukuma, ukafika Kagehyi kando ya Ziwa Victoria mwishoni mwa Februari 1875. Upande wetu boti iliingia mwaka uliofuata, ikishuka kutoka Karagwe. Aprili 1876 Stanley akakutana na Mtemi Mirambo, wakachanjiana udugu wa damu. Huyo ni Mirambo yule yule ambaye mwaka 1871 Stanley alikuwa amepigana naye, akiwa upande wa Waarabu wa Tabora! Mwezi uliofuata boti ikawa Ujiji.

Vijana wangu waliandika hayo yote, lakini kalamu zao zilikwenda mbio zaidi tulipofika Bumbire, katika Ziwa Victoria. Siku ya tarehe 28 Aprili 1875 watu wa kisiwa hicho waliivuta boti nchi kavu wakachukua makasia. Mabaharia wakaisukuma tena majini, Stanley akifyatua bunduki, kisha wakajikuta hawana cha kupigia maji. Basi wakazing'oa mbao za sakafu ya boti wakazifanya makafi. Usiku ule dhoruba iliwasukasuka ziwani, wana njaa, wameshika mbao mikononi. Huo haukuwa mchezo.

Wala asitokee mtu wa kumsikitikia Stanley kupita kiasi. Agosti mwaka ule ule alirudi Bumbire na mamia ya watu na bunduki, akawamiminia risasi wenyeji waliosimama ufukweni na silaha zisizoweza kumfikia. Filamu itakayoonyesha zile mbao na kuiacha Agosti itakuwa inasema uongo.

Nahodha wa boti alikuwa Uledi. Katika maporomoko ya Mto Kongo, mwaka 1877, huyu alijitupa majini mara kwa mara akaokoa watu zaidi ya kumi. Hata hivyo alipokamatwa na shanga za wizi, wakati wa njaa, alihukumiwa kuchapwa. Ndugu yake Shumari na binamu yake Saywa wakaomba wachapwe wao badala yake, na Uledi akasamehewa. Mwaka 1939 kampuni ya 20th Century Fox ilitoa filamu ya Stanley na Livingstone. Mandhari ya Afrika Mashariki ilipigwa huku kwetu, na Spencer Tracy, aliyeigiza Stanley, akabaki Marekani. Mzungu akipatikana, inaonekana, Afrika inaweza kuwa pazia tu la nyuma. Niliwaomba vijana wale, katika dakika zao kumi, watupe japo moja ya mtu anayeubeba ubao kwenda majini.

Mwishoni mwa Julai 1877, karibu na maporomoko ya Isangila, Lady Alice ilipandishwa juu ya mwamba ikaachwa hapo. Walioondoka Bagamoyo walizidi mia tatu. Wengi walikuwa wamekufa au wametoroka, na mia moja na ushee waliosalia waliendelea kwa miguu, njaa imewamaliza. Uledi na wenzake watatu wakatangulizwa Boma na barua ya kuomba chakula. Siku mbili baadaye mchele na samaki vilifika kambini, vimebebwa mabegani.