Ukilipia safari nyingine ungali melini, fedha zako hurejeshwa lini?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA meli nyingi za kitalii kuna meza moja ambayo abiria huipitia kila siku, nayo ni ya kuuza safari ijayo. Abiria aliyeshiba, aliyepumzika na anayeitazama bahari huambiwa kuwa akilipa malipo ya awali kabla ya kushuka, atapata bei nafuu au fedha za kutumia melini.

Wengi hukubali. Swali huja baadaye, pale ugonjwa, kazi au msiba unapovuruga mpango: je, fedha zile, ambazo wafanyabiashara wa pwani huziita arbuni, zinarudi?

Jibu linategemea mambo matatu: aina ya malipo yaliyofanywa, tarehe ya kuvunja safari, na nani aliyeivunja, abiria au kampuni.

Aina za malipo ya awali

Aina ya kwanza ni amana ya wazi. Abiria hulipa kiasi kidogo bila kutaja meli wala tarehe, na hupewa muda wa kuchagua. Kampuni ya Holland America, kwa mfano, kwa miaka mingi imekuwa ikipokea dola 100 kwa kila mtu, zikiwa na muda wa miaka minne. Amana ya namna hii aghalabu hurejeshwa ikiwa haikutumika.

Hata hivyo, si kila kampuni hurejesha fedha hizo yenyewe muda unapokwisha. Palipo na sharti la kuomba kwa maandishi, asiyeomba huachwa.

Aina ya pili ni nafasi kamili: meli, tarehe na chumba vimekwisha kuchaguliwa. Hapa malipo ya awali huwa sehemu ya nauli, na kanuni zinazotumika ni zile zile za tiketi iliyonunuliwa nchi kavu. Ikiwa nauli ni ya kurejeshwa, abiria anaweza kujitoa bila hasara hadi siku ya kukamilisha malipo inapokaribia.

Aina ya tatu ni nauli nafuu ambayo malipo yake ya awali hayarejeshwi. Royal Caribbean ni miongoni mwa kampuni zilizouza nauli za namna hii. Katika utaratibu wake, anayevunja safari hupewa stakabadhi ya kutumia baadaye baada ya kukatwa ada ya dola 100 kwa kila mtu, badala ya fedha taslimu.

Tuchukue mfano wa mume na mke waliolipa dola 250 kila mmoja chini ya sharti hilo. Wakijitoa, katika dola 500 zao hubaki 300, nazo ni za kusafiria na kampuni ile ile, tena kabla ya tarehe iliyowekwa.

Aina ya nne ni hati za punguzo zinazouzwa melini kwa bei iliyo chini ya thamani yake. Hati za CruiseNext za kampuni ya Norwegian ni mfano wake. Mnunuzi azihesabu kama bidhaa iliyokwisha kununuliwa, kwa kuwa hazigeuzwi tena kuwa fedha.

Tarehe inayoamua kila kitu

Kila mkataba una siku ya kukamilisha malipo. Kwa kampuni kubwa, siku hiyo mara nyingi huwa kati ya siku 75 na 120 kabla ya meli kung'oa nanga, na safari ndefu huweza kuwa na muda mrefu zaidi.

Kabla ya siku hiyo, mwenye malipo yanayorejeshwa hupata fedha zake zote. Ikishapita, ngazi ya adhabu huanza: kwanza hukatwa malipo ya awali, kisha nusu ya nauli au zaidi, na katika wiki za mwisho nauli yote.

Kwa hiyo, neno "hurejeshwa" lililoandikwa kwenye karatasi ya melini halina maana ya siku zote. Lina maana ya hadi tarehe fulani.

Jambo jingine ni zawadi. Baadhi ya kampuni huwapa wanaolipia melini fedha za matumizi, na huzifuta au kuzidai safari inapovunjwa. Ikiwa abiria amekwisha kuzitumia, kiasi hicho huweza kukatwa katika marejesho yake.

Kampuni inapovunja safari

Hapa hali hugeuka. Ikiwa kampuni ndiyo iliyofuta safari, hata malipo yaliyoandikwa kuwa hayarejeshwi huwa na kinga.

Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Usafirishaji Baharini ilitoa kanuni mwaka 2022 inayosema kuwa safari iliyofutwa, au iliyocheleweshwa kwa siku tatu au zaidi na abiria akakataa kuendelea nayo, huhesabiwa kuwa haikutekelezwa. Abiria huyo ana haki ya kudai fedha zake.

Kanuni hiyo ilizaliwa na msukosuko wa mwaka 2020, pale ugonjwa wa korona uliposimamisha meli duniani. Kampuni kadhaa zilitoa uchaguzi wa stakabadhi zenye thamani ya asilimia 125 ya malipo, au fedha taslimu. Waliochagua fedha, wengi walisubiri kwa miezi.

Katika Umoja wa Ulaya, Agizo la mwaka 2015 kuhusu safari za pamoja huitaka kampuni iliyofuta safari kurejesha fedha ndani ya siku 14. Uingereza iliweka sharti kama hilo katika kanuni zake za mwaka 2018. Abiria akijitoa mwenyewe, sheria hizo huiruhusu kampuni kutoza ada inayofaa.

Kampuni inapofilisika

Hatari kubwa zaidi ni amana ndefu kukutana na kampuni dhaifu. Crystal Cruises ilisimamisha safari zake Januari 2022 baada ya kampuni mama, Genting Hong Kong, kuanguka. Abiria waliokuwa wamelipia safari za mbele walijikuta katika foleni ya wadai.

Sheria ya Marekani huzitaka meli zenye malazi ya abiria 50 au zaidi, zinazopakia katika bandari za nchi hiyo, ziweke dhamana kwa ajili ya safari zisizotekelezwa. Anayepandia meli Mombasa au Zanzibar hamo katika kinga hiyo, hata kama kampuni ni ya Kimarekani.

Kwa wanaoishi Uingereza, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974 huifanya benki iliyotoa kadi ya mkopo kuwajibika pamoja na muuzaji, kwa ununuzi unaozidi pauni 100 na usiozidi pauni 30,000.

Kesi hufunguliwa wapi?

Mkataba wa tiketi ndio hujibu. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi kati ya Carnival na familia ya Shute ya jimbo la Washington, iliamua kuwa sharti la tiketi linalotaka madai yapelekwe mahakama za Florida ni halali. Tangu hapo, maandishi madogo ya nyuma ya tiketi si ya kupuuzwa.

Kabla ya kutia sahihi

Msomaji anayeletewa fomu melini aulize maswali haya na kutaka majibu yaliyoandikwa:

- Je, malipo haya hurejeshwa kwa fedha taslimu au kwa stakabadhi?

- Tarehe ya mwisho ya kujitoa bila kukatwa ni ipi?

- Amana isiyotumika hurudi yenyewe au huombwa, na kwa anuani gani?

- Je, nikibadili meli au tarehe, sharti la kurejeshewa hubaki au hupotea?

- Je, naweza kuhamishia nafasi hii kwa wakala wangu wa nyumbani, na ndani ya siku ngapi?

Malipo ya melini kwa kawaida huingizwa katika hesabu ya chumba pamoja na vinywaji na manunuzi ya dukani, na hulipwa kwa mkupuo mmoja mwisho wa safari. Hivyo taarifa ya benki huenda isiyaoneshe peke yake. Abiria na achukue nakala ya hesabu hiyo kabla ya kushuka, aitunze pamoja na namba ya nafasi yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.