UZI: Ukisikia "tulinunua ambulensi", uliza haya

1/ Kila msimu wa kampeni Kitui na Makueni ni wimbo ule ule. Huyu: "Tulinunua ambulensi." Yule: "Zimeegeshwa, hazina mafuta." Makofi, mjadala umeisha. Nasoma sayansi ya siasa na sitaji chama wala mtu hapa. Nataka tu tuangalie historia, manake tunahesabu kitu ambacho si chenyewe.

2/ Nianze nyumbani. Susu alizidiwa usiku, kijijini Kitui. Tukapigia hospitali moja simu. Gari lilikuwepo, ila tukaambiwa tutume kwanza pesa za mafuta. Akapelekwa kwa boda boda, katikati ya mwendeshaji na mjomba, amefungwa leso asianguke. Alipona. Jirani yetu, mwaka uliofuata, hakubahatika.

3/ Si mambo ya jana. St John Ambulance iko Kenya tangu 1928. Flying Doctors walianza 1957, wakifikia sehemu za mbali kwa ndege. Lakini umau anasimulia kwamba kwao mgonjwa alibebwa na kitanda hadi barabarani, kisha mnaomba lori. Hospitali za misheni kama Mutomo na Muthale zilisaidia wengi, bora ufike.

4/ Na si sisi tu. Marekani, hadi miaka ya 1960, ambulensi nyingi ziliendeshwa na wenye biashara ya mazishi, kwa sababu gari la maiti lilitosha mtu kulala. Ripoti ya 1966 ikaonyesha wazi jinsi majeruhi wa ajali walivyokosa huduma ya maana njiani. Wakaanza kufunza wahudumu, na 1968 ikaja nambari ya dharura, 911. Magari walikuwa nayo tayari!

5/ Turudi kwetu. Katiba ya 2010, Kifungu 43(2): hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne likazipa kaunti huduma za ambulensi, huku hospitali za rufaa za kitaifa zikibaki kwa serikali ya kitaifa. Sasa gari ni la huyu, kitanda ni cha yule. Mgonjwa yuko katikati.

6/ Oktoba 2015, Nairobi, majeruhi wa ajali alikaa ndani ya ambulensi saa 18 akisubiri kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki. Kumbuka, ambulensi ilikuwepo. Sheria ya Afya ya 2017 ikaja kusema kwamba haki ya dharura inaanza kabla ya kufika hospitalini, na hospitali yenye uwezo ikikosa kuhudumia inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3.

7/ Makueni ilianza bima yake ya kaunti 2016: familia ilikuwa ikilipa shilingi 500 kwa mwaka. Iliondolea wengi hofu ya bili, na hiyo ni kazi nzuri. Lakini bili ni ya mtu aliyefika. Kitui ina kilomita mraba kama 30,000, Makueni kama 8,000. Ukilinganisha idadi ya ambulensi bila kuuliza umbali, unadanganywa kwa hesabu.

8/ Desemba 2021, basi la wanakwaya lilisombwa na Mto Enziu, Mwingi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Dharura ikitokea, wa kwanza kuwa pale ni wakazi na watu wa boda. Wengi wetu hatujawahi kufunzwa huduma ya kwanza hata siku moja. Mafunzo hayo ni bei rahisi kuliko gari moja.

9/ Mbele tunaenda wapi? Kuna sera ya kitaifa ya huduma za dharura ya 2020–2030, na sheria za 2023 zilianzisha hazina ya dharura na magonjwa sugu. Karatasi tunazo. Kwa hivyo mgombea akija sokoni, muulize:

– Nambari ya kupiga ni gani, na nani anaishika saa nane usiku?
– Kutoka Kyuso au Mtito Andei ni dakika ngapi?
– Nani anakaa nyuma na mgonjwa, na amefunzwa nini?
– Mafuta yako kwa bajeti gani?
– Mgonjwa akivuka mpaka wa kaunti, nani anampokea?

10/ Akijibu zote tano, msikilize. Akirudia tu idadi ya magari, mwambie kuhusu susu na ile leso.