Mifumo mikubwa ya mvua za radi Tabora
Ni makundi ya mawingu ya ngurumo yaliyoungana, yakitanda kilomita 100 au zaidi kwa saa kadhaa. Tabora, iliyo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huyapata kati ya Novemba na Aprili, hasa unyevu wa bonde la Kongo unapokutana na pepo za Bahari ya Hindi. Wingu moja peke yake hufa upesi. Kundi hudumu kwa sababu mvua huipoza hewa, nayo ikishuka hutambaa ardhini na kuinua hewa vuguvugu iliyo mbele, mawingu mapya yakazaliwa. Nyuma hufuata mvua ya rasharasha.