Mfupa na Ardhi: Suala la Umiliki wa Visukuku vya Ufuko wa Ziwa Nyasa

Msafiri atokaye Kyela akavuka Mto Songwe pale Kasumulu hufika Karonga, nchini Malawi, baada ya mwendo mfupi. Katika makumbusho yaliyofunguliwa huko mwaka 2004 husimama kielelezo cha kiunzi cha Malawisaurus, dinosaria aliyechimbuliwa wilayani humo katika miaka ya 1920. Mifupa yenyewe ilipelekwa Cape Town. Upande wa Tanzania nao una mifupa yake ughaibuni. Katika bonde la Mto Ruhuhu, kusini zaidi kwenye ziwa hilohilo, Mwingereza Francis Rex Parrington alikusanya miaka ya 1930 mfupa wa mkono na pingili za uti wa mgongo za mnyama aliyeishi yapata miaka milioni 240 iliyopita. Mwaka 2013 mnyama huyo alitangazwa rasmi kwa jina la Nyasasaurus, huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana. Jina ni la ziwa letu. Mifupa imo London.

Je, iliibwa? Kwa sheria za wakati ule, la, na hapo ndipo penye ugumu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Kabla yake, amri ya Kijerumani ya mwaka 1895 iliifanya mali ya Dola ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe. Neno "iliyohesabiwa" ndilo lenye uzito, kwa maana shamba lililolazwa lipate nguvu huonekana pori tupu machoni pa mgeni. Ni chini ya utawala huo ndipo zaidi ya tani 200 za visukuku zilipotoka Tendaguru, Lindi, kwenda Berlin kati ya 1909 na 1913.

Kesi ya Marekani inaeleza hoja hii vizuri. Mwaka 1990 wafanyabiashara wa visukuku walimlipa mfugaji mmoja wa kabila la Sioux dola 5,000 kwa ajili ya dinosaria aitwaye Sue. Mahakama iliamua kwamba mfupa ni sehemu ya ardhi, na kwa kuwa ardhi hiyo ilikuwa chini ya udhamini wa serikali, mauzo yalikuwa batili. Mfugaji alirudishiwa mfupa, nao ukanadiwa mwaka 1997 kwa dola milioni 8.36. Kanuni ileile iliyomtajirisha mfugaji yule iliwaacha watu wa Ruhuhu mikono mitupu, kwa kuwa ardhi yao ilikwisha kutwaliwa kwa maandishi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilikuja baada ya mifupa kuondoka. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1977, haurudi nyuma. Kwa hiyo anayetaka kudai Nyasasaurus hana budi kuanza na uhalali wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, ambayo wenyeji wa ufuko huo hawakuulizwa kuihusu.